Rimu za Amosi na Uzito wa Shangazi

"Mama Amosi, hivi hilo gari la mwanao limepiga magoti linaomba nini?"

Jirani yangu Stumai aliniuliza hivyo siku Amosi alipoliingiza uani likiwa limeshushwa. Alikuwa amesimama upande wake wa ua na ungo mkononi, hapepeti tena, anashangaa. Gari lilikuwa limelala chini kiasi kwamba kuku wangu, waliozoea kujificha jua chini ya Noah ya shemeji yangu, walilifuata hili, wakainama, wakaliangalia, wakaenda zao kutafuta kivuli kwa mbuzi.

Amosi ni mtoto wangu wa kwanza. Ana duka la kutengeneza simu Singida Mjini, si mlevi, si mgomvi, na Jumapili kanisani anaonekana. Ila kwa gari, Mungu amsaidie. Alilinunua likiwa kama magari ya watu wengine. Akalipeleka kwa vijana wenzake wakakata springi, likashuka. Akakaa nalo hivyo mwaka mzima akiruka mashimo kama mtu anayevuka tope na viatu vya sikukuu. Halafu akaona rimu zake ni ndogo. Akanunua nyingine kubwa, zinazong'aa kama sinia za harusini, na matairi yenye ubavu mwembamba wa kuzivalisha.

"Amosi," nikamwambia, "mtu akishusha dari ya nyumba, halafu akaleta kabati refu kuliko la kwanza, si litagusa?"

"Mama, huo ndio mkao."

"Mkao wa nani?"

"Wa gari, mama."

Mtoto mwenye ndevu humfundishi kila kitu. Unamwachia barabara imfundishe kidogo.

Basi wakati huo binti yangu Witness alikuwa amechumbiwa na Michael, kijana wa Ikungi, mtulivu, anaimba kwaya. Matangazo yote yalishasomwa kanisani, ndoa ilikuwa ifungwe parokiani Ikungi, na sisi huku Sepuka tulikuwa tumeshaanza kuchambua mchele. Jambo lililokuwa halijatulia ni moja tu: nani atamtoa Witness nyumbani.

Kwetu hilo si jambo la dereva. Anayemtoa binti ndani, akamfungulia mlango wa gari, akamwendesha mpaka kanisani, huyo amesimama mahali pa baba yake. Mume wangu Petro, Bwana ampumzishe, alifariki Witness akiwa bado anajifunza kusoma. Shemeji yangu Alute, mdogo wake Petro, aliona kazi hiyo ni haki yake, na kweli haki anayo. Ana Noah nyeupe, safi, inayokaa juu kama gari la mtu mzima. Lakini Witness alimtaka kaka yake. Amosi ndiye aliyempakia kwenye baiskeli kumpeleka shule, na penye mchanga mwingi alishuka akasukuma, dada yake amekaa juu kama mwalimu mkuu.

"Baba mdogo namheshimu," Witness aliniambia jikoni, "ila nikitoka hapa na mtu mwingine, mama, nitalia mpaka poda iishe."

"Usilie. Poda yenyewe tumeazima kwa Stumai."

Tukakaa kikao. Alute akasema yake, taratibu, kofia magotini.

"Mimi sina ugomvi na Amosi. Ugomvi wangu ni na lile gari. Juzi lilipita pale kwangu linakwaruza kama panya kwenye debe. Nimwache mtoto wa kaka yangu aende kanisani ndani ya panya?"

"Baba mdogo, nitalitengeneza," Amosi akasema.

"Litengeneze. Jumapili baada ya misa tutalipanda, na watu wale wale watakaokuwemo siku ya harusi. Tutaenda mpaka mnadani na kurudi. Lisipogusa, mtoe dada yako, mimi nitanyamaza. Likigusa hata mara moja, namtoa mimi kwa Noah."

"Amina," akasema wifi yangu Raheli, ambaye husema amina hata sokoni akitajiwa bei ya nyanya.

Sasa watu wale wale maana yake nini? Kwa mila yetu bibi harusi hukaa nyuma, katikati. Upande mmoja shangazi yake, upande mwingine mama yake mkubwa. Mama mkubwa ni dada yangu Cecilia, mtu wa kawaida. Shangazi ndiye huyo Raheli. Wifi Raheli ni mwanamke aliyebarikiwa. Akikaa kwenye benchi la kanisa, wa mwisho upande wa pili anajua kwamba ameketi.

Amosi alilijua hilo, na hapo ndipo alipokosea. Fundi yeyote angemwambia akalijaribu gari likiwa na mzigo wake. Lakini kijana wa kwetu atamwambiaje shangazi yake, dada wa baba yake, "Shangazi, njoo ukae humu nione kama gari litakuhimili"? Heri ulale njaa. Basi akaangaza macho, akaona magunia ya alizeti niliyokuwa nimeyapanga sebuleni baada ya mavuno. Akayakokota matatu. Moja akaliketisha mahali pa shangazi, moja mahali pa dada Cecilia, moja katikati akalifunga mkanda.

Stumai alikuwa amechungulia tena. "Mama Amosi, bibi harusi mbona amenenepa ghafla?"

Amosi akaendesha. Akazunguka shuleni, akapita kwenye mashine ya kukamua mafuta, akarudi anapiga mluzi. Kimya kabisa, halijagusa popote. Mimi nilikuwa nimekaa kibarazani nachambua mchele, nikamwangalia akishusha yale magunia. Alilibeba kila moja mgongoni mwenyewe, hata hakuhema.

"Amosi mwanangu," nikamwambia, "gunia hilo umelibeba kama begi. Shangazi yako unaweza kumbeba hivyo?"

"Mama! Usiseme kwa sauti, atasikia."

"Yuko kwake, mbali. Mimi nauliza tu."

"Gunia ni gunia, mama. Limejaa mpaka mdomoni."

Nikarudi kwenye mchele wangu.

Jumapili tukatoka misa, nguo nzuri bado mwilini. Mbele akakaa Alute pembeni ya Amosi. Nyuma akaingia dada Cecilia, akafuata Witness, mwisho wifi Raheli upande wa kushoto. Gari lilimpokea kwa heshima, likashuka kama ng'ombe anayelala, upande mmoja kwanza. Mimi sikuwa na nafasi, nikapanda bodaboda, nimekaa upande, rozari mkononi, nikawafuata kwa nyuma. Macho yangu yalikuwa kwenye lile tairi la kushoto.

Tuliponyooka na barabara, salama. Watoto wanapunga mikono, Witness anawajibu kama ndiyo harusi yenyewe. Tukafika kwenye kona ya mashine ya alizeti. Amosi akakata kulia. Dada Cecilia akamwegemea Witness, Witness akamwegemea shangazi, shangazi akauegemea mlango, na gari zima likawaegemea wote watatu. Hapo nikasikia: *krrraaaa!* Sauti ndefu, kama mtu anaburuta jembe juu ya bati. Mbuzi waliokuwa kando ya barabara wakainua vichwa wote kwa pamoja. Moshi mdogo ukatoka, na harufu ya mpira ulioungua ikanifikia kule kwenye bodaboda.

Gari likasimama. Alute akashuka, akazunguka nyuma, akainama, akaangalia. Tairi lilikuwa limechubuka begani.

"Tumemaliza," akasema.

Wifi Raheli akatoa kichwa dirishani. "Tumemaliza nini? Ina maana ni mimi?"

"Hapana shangazi," Amosi akasema haraka, "ni barabara."

"Barabara imefanya nini? Mbona tangu mnikalishe huku mnaniangalia kwa pembe za macho?"

"Shangazi, mimi siwezi..."

"Huwezi nini? Sema!"

Amosi akaliangalia vumbi. Mtoto wangu nilimwona pale, mtu mzima mwenye duka mjini, amesimama kama siku alipopoteza daftari la hesabu. Witness ndani ya gari alikuwa ameshaanza kujifuta macho.

Nikashuka kwenye bodaboda. Mimi kwenye vikao siongei sana, na labda ndiyo maana nikiongea wananisikiliza. "Shemeji," nikamwambia Alute, "ulichosema umekisema, nami sikipingi. Ila harusi ni Jumamosi, na leo ni Jumapili. Mpe mpaka Ijumaa. Ijumaa mtapita njia hii hii, na watu hawa hawa. Likigusa tena, mimi mwenyewe nitakukabidhi binti."

Alute akanitazama. Tangu kaka yake afariki hajawahi kunijibu vibaya, na siku ile pia hakuanza. "Ijumaa, shemeji. Hapo sitasogeza tena."

Jioni Amosi akampigia fundi anayeaminika mjini, si wale vijana wa kukata springi. Alhamisi asubuhi fundi akaja kwa bodaboda, mfuko wa spana begani na mzigo wa springi nyuma. Anaitwa Ezekieli. Mrefu, mcheshi, akainama kuniamkia, "Shikamoo mama," kabla hajalitazama gari, nami nikampenda hapo hapo.

Akalipiga jeki, akafungua tairi, akaingiza kichwa. "Springi hizi zilikatwa na nini, kaka? Msumeno au meno?"

"Grenda," Amosi akasema kwa unyonge.

"Mnh. Na hizi spesa za kusukuma rimu zitoke nje, alikushauri nani?"

"Zinapendezesha."

"Zinapendeza kwenye picha. Kwenye kona zinakula tairi." Akajifuta mikono. "Sasa, likiwa tupu gari hili halina neno. Nataka nilione likiwa na watu. Hukulijaribu na watu?"

Amosi akajikuna kichwa. "Nilijaribu na magunia."

"Ya nini? Mahindi?"

"Ya alizeti."

Fundi Ezekieli akakaa chini kabisa, juu ya tairi, akacheka mpaka akashika mbavu. "Alizeti! Kaka, alizeti ni maganda na upepo! Halafu gunia umelifunga mkanda limetulia. Lini umeona gunia linamwegemea mwenzake kwenye kona? Nitafutie watu. Tena wale wenyewe."

Amosi akanitazama. Mimi nikatazama njia. Alhamisi ni siku ya jumuiya, na zamu ya kusalia ilikuwa kwangu. Wanajumuiya walikuwa wanakuja na vitenge vyao mabegani, wifi Raheli mbele yao.

Nikamvuta pembeni. Uongo kabla ya sala siupendi, nikamweleza kama lilivyo. "Wifi, fundi anataka kuona gari likiwa na uzito. Amosi anaogopa kukuomba, anaona ni kukutukana. Mimi nakuomba. Tuingie humo, tusali rozari ya kumwombea Witness, fundi naye aangalie anachoangalia. Sala itakuwa sala, na kazi itakuwa kazi."

Wifi Raheli akaniangalia bila kucheka. Nikasema moyoni, nimeharibu. Halafu akapiga makofi mara moja, akamgeukia Amosi.

"Wewe mtoto! Siku zote hizo unahangaika na magunia, na mimi nipo hapa? Mwili huu nimeubeba tangu ujana, watu wananicheka, leo ndio umepata ajira! Fungua mlango!"

Basi tukaingia. Wifi Raheli kushoto, Witness katikati, dada Cecilia kulia, mimi mbele. Wengine wa jumuiya wakalizunguka gari kama linabatizwa. Siku ya Alhamisi tunasali matendo ya mwanga. Fundi akalala chali mchangani, tochi mkononi. Tulipofika tendo la pili, harusi ya Kana, sauti ikatoka chini ya miguu yetu: "Mama zangu, egemeni kushoto kidogo!" Tukaegemea, wala hatukukatisha Salamu Maria. "Sasa mrudi!" Tukarudi. "Tena kushoto, kwa nguvu!" Wifi Raheli akaegemea kwa nguvu zake zote huku anasema "utuombee sisi wakosefu," na mzee mmoja wa jumuiya ikabidi ageuze uso, mabega yanamcheza.

Tulipomaliza, fundi akainuka na mchanga mgongoni. "Nimeona, mama. Tairi halina kosa. Rimu nayo haina kosa. Kosa ni nafasi." Akatuita tuone. Lile bati linalofunika tairi, wanaloliita madigadi, kwa ndani lina ukingo uliokunjika kama pindo la sketi. Gari likishuka na kuegemea, tairi linapanda, na ule ukingo unalikata kama kisu. "Spesa hizi natoa, rimu zirudi ndani. Ule ukingo naulaza, ulale kabisa. Mbele kuna plastiki inaguswa usukani ukikatwa mpaka mwisho, nairudisha nyuma naifunga. Hayo mepesi. Lakini springi za kukatwa hapana. Nimekuja na nyingine, fupi, ila zimetengenezwa fupi, na ni ngumu. Gari litapanda."

"Kiasi gani?" Amosi akauliza, kwa sauti ya mtu anayemwuliza daktari.

"Vidole viwili."

"Vidole viwili! Fundi, si litakuwa kama la mwalimu?"

"Na likibaki hivi, litakuwa la kukaa nyumbani harusi ikipita."

Amosi akazunguka gari lake. Akachuchumaa, akapima kwa macho, akasimama, akachuchumaa tena. Mimi nilijua anachopima si gari. Wenzake mjini wanamjua kwa mkao ule, wanampigia honi akipita.

Witness akavua viatu vya harusi alivyokuwa anajizoeza navyo, akakiinua kimoja mbele ya uso wa kaka yake. "Kaka, ona kisigino hiki. Kimenipandisha vidole vinne, nimeumia wiki nzima, sijalalamika. Wewe viwili tu."

Amosi akakiangalia kile kiatu. Akacheka, kichwa chini. "Pandisha, fundi. Pandisha kabla sijabadili mawazo."

Kazi ikaanza. Springi zikaingia, spesa zikatoka. Ilipofika kuulaza ule ukingo, fundi akatafuta kwenye mfuko wake, akakosa. "Mama, nahitaji mti wa mviringo, mgumu, laini, usiwe na pembe. Ukiwa na pembe utatoboa bati."

Nikaingia jikoni nikatoka na mchi wa kinu.

"Wifi!" Raheli akapiga kelele. "Huo ni wa marehemu mama! Umetwanga mtama wa ukoo mzima!"

"Ndiyo maana ni laini," nikamjibu.

Fundi akaupokea kwa mikono miwili, akauchomeka kati ya tairi na ule ukingo. Akaniomba maji ya moto, akalimwagia bati kwa juu ili rangi ilainike isipasuke. Kisha watu wa jumuiya wakalisukuma gari polepole mbele, polepole nyuma, na mchi ukaviringika juu ya tairi, unaukandamiza ukingo kidogo kidogo, mpaka ukalala kama pindo lililopigwa pasi. Sijawahi kuona sala ya jumuiya ikamalizika kwa kusukuma gari, lakini hakuna aliyeondoka. Stumai naye akaja kusukuma. Akasema yeye si wa jumuiya ila mikono haina dini.

Kabla ya kuondoka, fundi akachukua masizi ya sufuria yangu, akachanganya na mafuta ya alizeti, akaupaka ule ukingo kwa ndani pande zote mbili. "Tairi likigusa hata kidogo, masizi yatafutika. Mwenye shaka aangalie mwenyewe."

Ijumaa mchana Alute akaja. Amosi akamwamkia, akaitikia marahaba, basi. Akaingia mbele. Kina mama wakaingia nyuma vile vile. Mimi bodaboda, nyuma yao.

Kwenye kona ya mashine ya alizeti nilifumba macho. Najua nilipaswa kuangalia, lakini nilifumba. Nilipofumbua, gari lilikuwa limeshapita, limeegemea na kunyooka, na mbuzi walikuwa wanakula majani yao hata hawajainua vichwa. Nikamshukuru Mungu. Tukashuka kwenye korongo, mahali penye mawe, gari likazama na kuinuka. Kimya. Tukaufikia uwanja wa mnada, Alute akaonyesha kwa kidole lizunguke, usukani mpaka mwisho. Likazunguka. Kimya.

Tulipokuwa tunarudi, karibu na nyumbani kabisa, nikaona mkono wa Alute umetoka dirishani. "Simama!"

Likasimama. Nikafika. Alute alikuwa ameshashuka. "Nimesikia. Linakwaruza. Nyuma."

"Baba mdogo, halijagusa," Amosi akasema, jasho limemtoka.

"Nina masikio, Amosi. Sikiliza."

Tukasikiliza wote. Kweli, kitu kilikuwa kinakwaruza. *Kwaru, kwaru.* Lakini gari lilikuwa limesimama. Alute akaligundua hilo pamoja na sisi, akakunja uso, akazunguka, akafungua buti. Jogoo mkubwa mwekundu, amefungwa miguu kwa kamba ya mkonge, akamtazama, akakwaruza bati tena.

"Nani kaweka jogoo?"

Dada Cecilia akajibu kutoka ndani, hana wasiwasi. "Mimi. Si mlisema kila kitu kama siku ya harusi? Jogoo wa wakwe ataenda kwa miguu?"

Wifi Raheli alicheka gari likatikisika, Witness naye akacheka mpaka kilemba kikalegea, hata yule wa bodaboda akaegemea usukani wake. Alute hakucheka. Alipiga goti moja mchangani, suruali yake nzuri, akaingiza kidole chini ya madigadi ya kushoto, akaupapasa ukingo kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kidole kikatoka cheusi tii. Akaenda kulia, akapapasa. Cheusi. Masizi yote yalikuwepo.

Akatoa leso, akakifuta kidole polepole sana. Mimi nilimwangalia mgongo. Shemeji yangu Mungu hakumpa binti. Ana wavulana tu, na Petro alikuwa kaka yake pekee. Ile Noah alikuwa ameiosha tangu Jumatano. Nilikuwa nimemwona tu kama mtu anayetukatalia, na pale nikaona kwamba alikuwa anaomba kitu kile kile anachoomba Amosi.

Jioni tukakaa kikao cha mwisho sebuleni, chai mezani, watu wachache: Alute, wifi Raheli, dada Cecilia, mimi na watoto wangu wawili. Tukagawana kazi. Nani awahi na mchele, nani ashike keki, nani akae na wazee. Kila tulipolikaribia lile jambo, mazungumzo yalizunguka kando yake. Amosi alikuwa ameinamisha kichwa. Baba yake mdogo alikuwa hajatamka neno tangu njiani, na mtoto wa kwetu hadai ushindi mbele ya mkubwa wake. Kama Alute angesema hapana, ingekuwa hapana, masizi au bila masizi.

Wifi Raheli akashindwa kuvumilia. "Alute, sema basi! Mimi nimepimwa mara tatu wiki hii kama ng'ombe wa mnadani, nataka kujua nilipimiwa nini!"

"Raheli, mwache anywe chai," nikasema.

Alute akaweka kikombe chini. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa Noah, akauweka mezani mbele ya dada Cecilia, aliyepewa kusimamia mapishi.

"Noah itabeba wapishi na masufuria," akasema. "Ina nafasi."

Witness akakishika kitambaa cha meza.

Alute akasimama, akamtazama Amosi, na Amosi naye akasimama haraka, kwa adabu. Alute akanyoosha mkono, akamrekebishia kola ya shati iliyokuwa imekunjika nyuma, kama anavyofanya baba kwa mtoto anayekwenda kipaimara.

"Asubuhi usiwashe muziki," akamwambia. "Mpaka mfike Ikungi. Dada yako atataka kusikia watu wa kwao wanavyomuaga."

"Sawa, baba mdogo."

Witness akainuka kumkumbatia, lakini Alute alikuwa ameshaichukua kofia yake. Aliivaa, akaniinamishia kichwa mimi peke yangu, akapita katikati yetu, akatoka.